Samaki wa Baba Mkubwa

Mama aliniuliza kama nataka kwenda, nami nikasema nataka. Hapo ndipo nilipopaswa kukataa. Ningeshika gauni lake, ningejitupa chini, ningelia mpaka majirani watoke kwenye mashamba yao ya nyanya kuja kuangalia, kama afanyavyo mtoto yeyote mwenye akili anapokaribia kuondolewa kwao. Mimi nilijibu kabla hajamaliza swali, tena kwa sauti ya mtu anayeogopa nafasi isimpite. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mjini Iringa kuna samaki wekundu wanaoishi ndani ya nyumba ya watu, na kwamba watakuwa wangu.

Siku hizi naishi Mbeya, kwa mwanangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na nyumba iliyopigwa vigae mpaka jikoni. Mwaka huu amenunua akwariamu. Ameiweka kati ya televisheni na kabati la vikombe visivyonywewa chai, na ndani yake kuna ngome ya plastiki, mzamiaji wa plastiki anayetoa mapovu kichwani, na taa ya bluu inayowafanya wageni waonekane kama wagonjwa. Wageni husimama mbele yake, mikono nyuma, wakasema, "Aisee, hapa mmeendelea." Mwanangu hujibu kwamba ni kitu kidogo tu. Ninamjua mtu anayesema hivyo. Nimelelewa naye. Mimi hukaa kwenye kiti changu nikanyamaza, kwa sababu nakula chakula chao.

Juzi umeme ulikatika. Pampu ikanyamaza, na baada ya muda samaki wote wakapanda juu, wakapanga midomo yao kwenye uso wa maji, wakawa wanaifunua na kuifumba. Ikatoka ile harufu, ya mchanga uliolowa na majani yaliyolala majini, harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa mtoto wa kaptura. Mjukuu wangu Tumaini, binti wa darasa la nne, akachukua kikombe, akawa anachota maji ya mle mle na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, kama alivyoona kwenye simu ya mama yake.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Wanatweta, Babu. Hawana hewa."

"Nani kakwambia wanatweta?"

"Si unaona midomo?"

Nilikuwa naiona. Midomo ya namna hiyo niliitazama kila siku kwa muda mrefu, na hakuna mtu mzima hata mmoja katika nyumba ile ya Iringa aliyejua maana yake, ingawa wote walijua kuieleza.

Baba Mkubwa alikuwa mume wa dada yake mama. Alikuja kwetu Ilula Jumapili moja baada ya ibada, ndani ya Land Rover ya kampuni ya tumbaku aliyoifanyia kazi ya ukarani mkuu, akashuka kwa taratibu ili majirani wamalize kutazama. Mama Mkubwa alishuka nyuma yake na viatu vilivyozama uani kwetu kila alipokanyaga. Baba yangu mzazi alikuwa amekwenda kukata mkonge akanogewa huko, kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa mama, na mwenye nyumba akatoa viti na maziwa ya mgando. Baba Mkubwa akaeleza kwamba meneja Mzungu amerudi kwao, na kwamba kabla ya kuondoka amemkabidhi yeye, siyo mwingine, nyumba ya vioo yenye samaki hai.

"Wekundu kama hizi," akasema, akionyesha debe la nyanya mlangoni. "Wanakaa sebuleni. Lakini wanahitaji mtu wa kuwaangalia, na sisi Mungu hakutupa mtoto."

"Atasoma, shemeji?" mama akauliza.

"Shule iko mlangoni pangu."

Yeye hakuficha kitu. Alisema anataka mtu wa kuwaangalia samaki, akachagua asiyelipwa. Ni sisi tuliosikia kwamba anataka mtoto.

Nyumba ya vioo yenyewe ilikuwa sanduku la fremu ya chuma, vioo vimeshikwa kwa putii ambayo tayari ilikuwa imeanza kukauka na kupasuka. Kona moja ilivuja, na chini yake lilikaa beseni la kukingia matone, limefunikwa kitambaa cha kufuma ili wageni wasilione. Kulikuwa na mchanga wa mtoni, mawe ya mlimani, mimea miwili iliyochoka, na mpira mwembamba uliotoka kwenye kimashine kilichonguruma na kutoa mapovu chini ya maji. Kimashine kile kilikufa mwezi wa kwanza. Fundi redio alikifungua, akakipuliza, akakifunga, akasema ni cha Ulaya. Baba Mkubwa akatangaza kwamba hakuna hasara. "Yale mapovu yalikuwa mapambo tu," akasema. "Samaki anavuta maji, havuti hewa. Hata wewe unajua."

Nilikuwa sijui, lakini nilipenda kuambiwa kwamba najua.

Jumamosi ilikuwa siku ya usafi. Niliwahamishia samaki kwenye karai la kufulia, nikamwaga maji yote, nikauosha mchanga mpaka ukawa mweupe, nikasugua vioo kwa majivu, kisha nikajaza maji mapya ya bomba, ya baridi ya Iringa, yanayotoka yakinuka dawa. Baba Mkubwa alisimama mlangoni kukagua. Alitaka aone kitambaa cha ukuta wa pili kupitia kwenye maji kana kwamba maji hayapo. Tumaini aliniambia juzi kwamba watu hutoa maji kidogo tu, mengine huyaacha, kwa sababu katika yale ya zamani ndimo ulimo uhai wa samaki, na ya bomba huwekwa kando kwanza mpaka dawa iishe. Mtoto wa darasa la nne. Sisi tulikuwa tunawaua kwa usafi, kila wiki, kwa bidii, na Jumatatu samaki mmoja alipoelea tumbo juu, Baba Mkubwa alimshika mkia akasema, "Huyu alikuwa mzee."

Walipopungua sana akafanya jambo ambalo hata leo linanichekesha, na sicheki kwa wema. Alinunua perege wadogo kwa mtu mmoja aliyevua mtoni, akawatia mle, akawaambia wageni kwamba ni aina nyingine, ya Uholanzi. Wageni wenyewe walikuwa mwalimu mkuu, mzee wa kanisa, makarani wenzake, wote watu waliokula perege tangu waote meno. Walimtazama perege, wakatazama sahani ya maandazi, wakasema kweli Uholanzi wana samaki wazuri.

Kwetu mgeni hulishwa. Hata mwenye nyumba asiye na kitu atakutafutia kiazi, atakuwekea kiganjani, utapokea kwa mikono miwili na utakula, hata kama umetoka kushiba. Kwa Baba Mkubwa mgeni alilisha. Mara tu mtu akikaa, niliitwa kuleta kopo la mchanganyiko niliousaga mwenyewe, mkate mkavu na dagaa, na kila mgeni akawekewa kidogo kiganjani ili awatupie samaki. Hakuna aliyetaka kutupia kidogo kuliko mwenzake. Maji yakawa na ukungu kufikia Jumatano. Samaki walipanda juu, wakapanga midomo, na sebule nzima ikafurahi.

"Waone ombaomba hao," Baba Mkubwa alikuwa akisema. "Wamekula sasa hivi, bado wanaomba. Ukiwaendekeza hawashibi."

Mimi niliamini. Nilikuwa nikipiga magoti mbele ya kioo, pua yangu karibu na pua zao, nikiwaambia kimya kimya kwamba hawana haya. Ndivyo nilivyojifunza kwamba kiumbe anayefunua mdomo hivyo anaomba, na kwamba anayeomba anajifanya, na kwamba watu wa maana hukaa kwenye makochi wakamcheka. Hakuna aliyenifundisha kwa kunikalisha chini. Ilikuwa hewani mle ndani, kama harufu ya maji.

Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, Baba Mkubwa akaamua kwamba samaki wa rangi ile lazima wanaumia. Likaletwa jiko la mkaa, likawekwa sebuleni karibu na kioo kuanzia jioni. Sisi binadamu tulilala vyumbani chini ya blanketi nyembamba, pumzi zetu zikionekana. Sebule ikawa chumba pekee chenye joto katika nyumba ile.

Ndipo mama akaja. Alikuja na lori la nyanya, na tenga la nyanya, na kuku aliyefungwa miguu. Kifua kilikuwa kimembana tangu mvua, na mganga wa zahanati alikuwa amemwambia aende hospitali ya mjini. Nilimwona kutoka dirishani akipanda kilima cha kuja nyumbani kwa Baba Mkubwa, anasimama, anashika goti, anapanda tena. Nilikuwa nimekaa mwaka na zaidi bila kumwona. Likizo zilipokuja nilisema samaki hawawezi kuachwa, na lilikuwa la kweli, na nililipenda kwa kuwa la kweli.

Akaketi pembeni kabisa ya kochi, akanishika kichwa, akaninusa utosini kama alivyozoea. Nilijivuta. Mwalimu mkuu alikuwepo, na mzee wa kanisa, na mama yangu alikuwa amevaa sweta la kiume. Alikuwa anahema. Mabega yalipanda na kushuka, mdomo uko wazi, na ndani ya kifua kulikuwa na mlio kama wa mlango wa mbao. Katikati ya maneno ya salamu alisimama kutafuta pumzi, akatabasamu kuomba radhi, akaendelea.

"Lete kopo," Baba Mkubwa akaniambia. "Shemeji ni mgeni."

Nikaleta. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, kwa mzee wa kanisa, halafu kwa mama. Akaniona mwanawe nimesimama mbele yake na chakula. Akainama kidogo pale pale alipoketi, akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, baba yangu," akala.

Akautia wote mdomoni, ule unga wa mkate mkavu na dagaa, akautafuna polepole kwa sababu ya pumzi, macho yake kwangu, amefurahi kwamba nimekuwa mtoto anayejua kukirimu.

Baba Mkubwa ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akajipiga paja. Mwalimu mkuu akacheka kwa mkono mdomoni, mzee wa kanisa akatazama chini mabega yakimtikisika. "Shemeji," Baba Mkubwa akasema alipopata nafasi, "umekula chakula cha samaki." Mama akatazama kiganja chake, akatazama kioo, akaelewa. Akacheka naye kidogo, kwa adabu, kicheko kikakatika kwa kukosa hewa. Kisha akanitazama mimi.

Nilikuwa nacheka. Sikulazimishwa. Nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Jioni wageni walipoondoka Mama Mkubwa akasema dada yake alale sebuleni, kwenye mkeka, kwenye joto, mpaka hospitali imwone. Baba Mkubwa alikuwa anasubiri ugeni Jumapili, meneja mpya na mkewe, na alikuwa ameahidi kuwaonyesha samaki. Akasema sebule itanuka moshi wa kijijini. Akasema kukohoa kunawashtua samaki. Mama Mkubwa akasema, "Mgonjwa ni mgonjwa, baba." Baba Mkubwa hakuwa mkatili, lazima niseme, alikuwa mpumbavu aliyetaka kusifiwa, na watu wa namna hiyo hutafuta mwingine wa kusema neno lao. Akanigeukia.

"Wewe ndiye mwenye samaki. Mama yako unamjua. Anaumwa kweli huyu?"

Mama alikuwa ameingia kwenye ujia kutafuta maji ya kunywa. Mlango ulikuwa wazi. Sikuangalia.

"Anajifanya," nikasema. "Anafunua mdomo tu. Anataka ahurumiwe ili nirudi naye Ilula nikabebe nyanya."

Baba Mkubwa akanigusa bega. Kitendo kile nilikingoja tangu nifike mjini. Mama akatokea mlangoni na kikombe mkononi. Hakutazama upande wangu.

"Stoo inanitosha, dada," akasema. "Nitalala na kuku wangu."

Stoo ilikuwa ya mabanzi, nje, karibu na choo, na upepo wa Iringa mwezi wa sita hauhitaji mlango. Asubuhi nilipokwenda kuchota maji hakuwepo. Kuku alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza, nyanya zimepangwa vizuri, mbovu zimetengwa. Alikuwa amerudi barabarani kutafuta lori la kurudi kwao. Hospitali hakuiona. Mama Mkubwa alinikuta nimesimama pale akaniambia, "Ulichosema alikisikia." Nikamwuliza alisikia nini. Akaingia ndani.

Jumapili meneja mpya alikuja na mkewe na wageni wengine, na kwa kuwa walikuwa watu wakubwa walipewa kopo zima. Mkewe alimimina. Samaki wakapanda wote, wekundu na wa Uholanzi, midomo imepangwa kama wanakwaya, na Baba Mkubwa akafungua mikono akasema, "Tazameni wanavyowapokea." Wageni wakapiga makofi. Jioni lilipowekwa jiko, bado walikuwa juu. Asubuhi walikuwa juu kwa namna nyingine.

Baba Mkubwa alitafuta sababu siku nzima. Mwishowe akasema ni kikohozi cha shemeji, kilileta ugonjwa ndani. Akanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Kioo kile baadaye kilifugiwa vifaranga, nao walifanikiwa. Mimi sikurudishwa Ilula. Nilibaki kuchota maji, kupiga viatu rangi, na kusoma. Karo alilipa mpaka kidato cha nne, na hilo siwezi kumnyima. Kila mtu katika habari hii alipata alichokitaka, isipokuwa aliyekuja kutafuta pumzi.

Ilula nilianza kwenda tena nilipokuwa mkubwa kidogo. Nilikwenda asubuhi, nikarudi jioni, kama mkaguzi wa shule. Mama alinichinjia, alinipa nyanya za kubeba, aliniita baba yangu kama zamani. Neno lile hatukulitaja. Nilijiambia amesahau, kwa sababu nilikuwa mjinga mwenye cheti.

Nilipoajiriwa Mbeya nikajenga nyumba, na kabla sijapaka rangi chumba changu nilimaliza chake. Kitanda cha mninga, blanketi mbili nzito za kuzuia baridi ya huku, dirisha upande wa jua. Akaja tulipombatiza mwanangu wa kwanza, huyu huyu wa akwariamu. Alimbeba siku nzima, akimnusa utosini. Jua lilipoelekea kuzama akakunja kitenge chake, akasema anakwenda kulala Uyole, kwa mwanamke wa Ilula waliyeimba naye kwaya. Nikamwonyesha chumba. Akaingia, akagusa blanketi, akasifu.

"Lala hapa basi, Mama."

"Kifua changu kinapiga kelele, baba yangu. Nitawasumbua."

"Hutusumbui."

"Najua," akasema, akavaa viatu.

Ilikuwa hivyo kila alipokuja. Kwa mtoto wa pili, kwa wa tatu, kwa msiba wa mke wangu, ambapo hata wageni wa mbali walilala sakafuni kwangu na yeye akapitisha usiku kwa yule mwanakwaya. Hakuwahi kunikemea. Hakuwahi kununa. Alikuwa mgeni mzuri kuliko wote, aliyekuja kwa wakati, akala kila alichopewa, akashukuru, akaondoka.

Samaki wa mwanangu walipona. Umeme ulirudi, mzamiaji akaanza tena kutoa mapovu yake ya kijinga, na Tumaini akaketi chini na kikombe chake, amelowa mpaka viwikoni. Mwanangu aliporudi alikuta maji kwenye vigae, akaniuliza kama ni mimi niliyechezea akwariamu. Nikamwambia amshukuru mtoto wake. Wale samaki nawachukia vilevile.

Kwa kusema nataka nilipata shule, kazi, na nyumba ya vyumba vitano. Mama yangu aliishi na kile kifua mpaka uzeeni, akafia Ilula, na tangu usiku ule wa stoo hakulala tena chini ya paa moja nami.